Kalamu niliyotumwa Norway

UJUMBE wa sauti wa dada ulinikuta juu ya daraja. Ilikuwa saa mbili asubuhi, mwishoni mwa Novemba, na nje bado kulikuwa na giza kama saa kumi na moja alfajiri ya kwetu. Nilikuwa nimesimama katikati ya Gamle Bybro, daraja la kale lenye malango mekundu katika mji wa Trondheim, Norway, nikitazama taa za maghala ya mbao zikicheza juu ya maji ya mto Nidelva. Nilivua glavu moja, nikabonyeza kusikiliza.

"Mdogo wangu, umeamkaje? Nisikilize. Kuna kalamu nimeiona kwenye simu, wanaiita ya kidijitali. Mtoto anaandika, yenyewe inahifadhi kila kitu, hata maneno ya mwalimu inayarekodi. Huko uliko lazima zipo. Mletee mwanao. Hela nitakurudishia kidogo kidogo."

Dada yangu anauza vitenge Morogoro na si mtu wa kuomba ovyo. Tangu niondoke hakuwa ameniagiza hata chokoleti. Kwa hiyo nilijua kwamba ameifikiria hiyo kalamu usiku kucha, na nilijua anamfikiria nani.

Nilikuwa Trondheim kwa kozi fupi ya wiki mbili kwa waandishi wa habari za afya. Nilikwenda kujifunza namna ya kusoma tafiti za kitabibu bila kuwapotosha wasomaji. Kuanzia asubuhi ile, muda wangu wote wa mapumziko niliutumia kutafuta kalamu.

Mistari mitatu, basi

Mtoto wa dada yangu ni mwanangu, ananiita Mamdogo. Ana miaka 11 na wakati ule alikuwa darasa la tano. Ukimkuta nyumbani huwezi kuamini kwamba ana tatizo shuleni. Akisikiliza mpira redioni, kesho yake atakusimulia mechi nzima, nani alitoa pasi, nani alikosa, na sauti ya mtangazaji ataiiga mpaka ucheke.

Sasa fungua daftari lake. Kichwa cha somo, tarehe, mistari mitatu, basi. Ukurasa unaofuata: kichwa cha somo, tarehe, mistari minne. Nilipokwenda kuwasalimia mwezi wa nane nilihesabu kurasa 14 za daftari la Sayansi zenye neno lilelile kwa wino mwekundu: "Hujamaliza."

Mwalimu anaandika notsi ubaoni, watoto wananakili, mwalimu anafuta, anaendelea. Wetu anabaki njiani. Mara mbili alirudi nyumbani na alama za fimbo viganjani kwa kosa hilo. Ikafika mahali kila Jumatatu asubuhi tumbo linamuuma, na ikifika saa nne limepona. Dada akamwongezea tuisheni. Kule tuisheni nako kuna ubao.

Ndiyo maana sikumcheka dada na kalamu yake.

Darasa chini ya paa la kioo

Trondheim ni mji wa vilima. Upande wa Bakklandet, kwenye nyumba ndogo za mbao zilizopakwa rangi ya njano, nyekundu na kijani, kuna kilima chenye mashine ya kupandisha baiskeli. Unabaki juu ya baiskeli yako, unaweka mguu wa kulia kwenye kibao kidogo, nacho kinakusukuma hadi juu. Mashine ya kwanza iliwekwa hapo mwaka 1993. Niliiangalia nikasema moyoni, watu waliofikia kumsukuma mwendesha baiskeli mlimani hawawezi kukosa kalamu ya kumsaidia mtoto kuandika.

Basi la kwenda Dragvoll linapanda kwa dakika chache tu kutoka katikati ya mji, lakini unahisi umebadilisha msimu. Chini kulikuwa na mvua, juu theluji. Dragvoll ni mojawapo ya kampasi za NTNU, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Norway. Majengo yake yameunganishwa kwa njia pana zilizoezekwa kwa kioo, hivyo wanafunzi wanatoka darasa moja kwenda lingine bila makoti, kama watu wanaotembea mtaani, ila mtaa uko ndani ya nyumba. Kuna mkahawa, kuna viti, kuna mimea. Nje barafu, ndani watu wamevaa fulana.

Niliomba ruhusa kwa mhadhiri mmoja, akaniruhusu kukaa nyuma. Mhadhara ulikuwa wa Kiingereza, jambo lililonisaidia. Katika safu tatu zilizokuwa mbele yangu nilihesabu wanafunzi 22. Kati yao 13 walikuwa wamefungua kompyuta mpakato, sita walikuwa na vishikwambi na kalamu zake, wawili walikuwa na madaftari ya kawaida kabisa, na mmoja alikuwa na kalamu nene iliyonivutia, nitarudi kwake.

Enzi zangu chuoni, miaka michache tu iliyopita, tulikuwa na desa. Mmoja anaandika, wengine tunatoa fotokopi. Baadaye zikaja simu na tukaanza kupiga picha slaidi, ambazo nyingi hatukuzifungua tena. Kwa hiyo nilikaa pale kama mtu mwenye dhambi zake.

Binti wa kishikwambi aliyekaa karibu yangu alikuwa amefungua slaidi za mhadhiri kwenye kioo chake, na alikuwa akiandika juu yake kwa mkono. Mhadhiri akichora, naye anachora. Akikosea anafuta bila kuacha doa. Akitaka kuongeza maelezo mahali palipobana anaivuta picha, inakuwa kubwa, anaandika, anairudisha. Aliponionyesha notsi za mwezi uliopita aliandika neno moja kwenye sehemu ya kutafutia, na kishikwambi kikampeleka kwenye ukurasa ambao alikuwa ameliandika kwa mwandiko wake mwenyewe. Hilo lilinishangaza kuliko yote.

Lakini ndani ya dakika arobaini na tano niliona pia ujumbe ukidondoka juu ya notsi zake mara tano, na mara mbili aliufuata.

Aliniazima kalamu nijaribu. Kioo kinateleza. Ncha inakimbia kama mguu kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki, na mwandiko wangu, ambao si mbaya, ukawa kama wa mtoto wa chekechea. Akasema unazoea. Wapo wanaonunua karatasi maalumu ya kubandika juu ya kioo ili kikwaruze. Mwenzake mmoja alikuwa na kibao cha rangi ya kijivu kiitwacho reMarkable, kilichobuniwa na kampuni ya Oslo, ambacho kimetengenezwa kusudi kisiwe na mitandao ya kijamii wala michezo. Pale kalamu ilikwaruza kidogo, na mkono wangu ukatambua mahali ulipo.

Nukta zinazoonekana kama vumbi

Yule wa kalamu nene nilimsubiri nje ya darasa. Kijana mrefu, mpole, wa mwaka wa pili. Nilimweleza habari za mwanangu naye akanivuta kwenye kiti, akafungua daftari lake.

Ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika ambao hauna uhusiano na mtu kuwa na akili ndogo. Aligunduliwa akiwa na miaka tisa. Ukurasa wake wa mhadhara ule ulikuwa na maneno kama ishirini tu, mishale, mchoro mmoja, na nyota ndogo sita. Ningekuwa mwalimu mwenye wino mwekundu, naye angepata "Hujamaliza."

Daftari lake ukilitazama kwa mbali linaonekana lina rangi ya kijivu kidogo, kama limeingia vumbi. Ukilisogeza karibu unaona ni nukta, ndogo sana, maelfu kwa maelfu. Hazikupangwa sawasawa. Kila moja imesogezwa kidogo, hii juu, hii kushoto, na mpangilio huo haufanani katika sehemu mbili za daftari. Karibu na ncha ya kalamu kuna kamera ndogo inayozisoma nukta hizo mfululizo wakati mkono unatembea. Hivyo kalamu inajua iko ukurasa gani na mahali gani hasa. Wino ni wa kawaida, unaandika kwenye karatasi kama kalamu yoyote. Wakati huohuo kinasa sauti kilichomo ndani kinarekodi mwalimu, na kila mstari unaoandikwa unafungwa pamoja na sekunde ile ya sauti.

Teknolojia ya nukta hizo ilitoka kusini mwa Sweden, katika mji wa Lund, kwa kampuni ya Anoto. Kampuni ya Marekani iitwayo Livescribe ndiyo iliyotoa mwaka 2008 kalamu ya Pulse, iliyounganisha nukta na sauti kwa ajili ya wanafunzi. Kwa hiyo si kitu kipya kama nilivyodhani. Ni mimi na dada tuliochelewa kusikia.

"Sema kitu kwa lugha yako," kijana akaniambia. Akabonyeza mahali palipoandikwa rekodi chini ya ukurasa. Nikasema jambo la kwanza lililonijia, namna dada anavyopika wali wa nazi, kukuna, kukamua tui la kwanza na la pili, kuweka chumvi. Yeye, asiyejua neno hata moja la Kiswahili, akawa anachora: duara, mistari, sufuria, moshi. Nilipomaliza akagusa sufuria kwa ncha ya kalamu. Sauti yangu ikatoka: "...hapo ndipo unapomimina tui zito, moto uwe mdogo..."

Nilinyamaza. Kalamu haikuhitaji kujua Kiswahili. Kazi yake ni kukumbuka nilikuwa nasema nini wakati mkono wake unachora sufuria.

Nyota zake sita, akanieleza, ni mahali alipopotea. Akisikia jambo asilolielewa haandiki, anaweka nyota tu na kuendelea kusikiliza. Jioni anagusa nyota moja moja. Nilimuuliza kama kalamu ilimsaidia tangu siku ya kwanza. Akacheka. Alipoipata mara ya kwanza, akiwa sekondari, aliacha kuandika kabisa na kurekodi kila kitu, saa tano au sita kwa siku, na hakusikiliza hata moja. Mwisho wa muhula alikuwa na sauti za walimu wake wote na hajui lolote. Mwalimu wa msaada ndiye aliyemfundisha nyota.

Kuna la ruhusa pia, na wazazi tusilipuuze. Kila mhadhiri wake anajua kwamba anarekodi, aliwaomba mmoja mmoja mwanzoni mwa muhula. Sauti hizo hampi mtu. Wanafunzi wenzake wakianza kueleza mambo yao binafsi darasani, anazima.

Kofia yenye vihisi 256

Dragvoll haikuwa mahali pa bahati nasibu kwa ombi la dada. Katika chuo hikihiki wapo watafiti wawili wa ubongo, Audrey van der Meer na Ruud van der Weel, ambao kwa miaka kadhaa wamekuwa wakiuliza ubongo unafanya nini mkono unapoandika. Profesa van der Meer sikubahatika kumwona, lakini tafiti zao tulizisoma kwenye kozi mstari kwa mstari.

Wa karibuni zaidi ulichapishwa Januari 2024. Wanafunzi 36 wa chuo walivalishwa kofia yenye vihisi 256 vya kupima umeme wa ubongo. Neno lilitokea mbele yao, na walitakiwa ama kuliandika kwa mwandiko wa kuunganisha, ama kulichapa kwa kidole kimoja. Jambo linalotuhusu ni kwamba hawakupewa karatasi. Waliandika kwa kalamu ya kidijitali juu ya kioo.

Walipoandika kwa mkono, sehemu mbalimbali za ubongo ziliwasiliana kwa upana mkubwa kuliko walipochapa. Maelezo ya watafiti ni kwamba kila herufi ina safari yake, mkono unapinda, unapanda, unashuka, jicho linafuata. Kwenye kibodi kila herufi ni kubonyeza kulekule. Wanaamini kalamu ya kawaida ingeleta matokeo yaleyale. Utafiti wao wa mwaka 2020 ulikuwa mdogo zaidi, watu wazima vijana 12 na watoto 12 wenye umri wa miaka 12, nao ulielekea upande huohuo.

Mkufunzi wetu alitufundisha kutoishia hapo. Je, walipimwa walichojifunza? Hapana. Hakuna aliyefanya mtihani baada ya kuvua kofia. Je, watu huchapa kwa kidole kimoja? Wachache. Kwa hiyo utafiti unatuambia ubongo unavyowaka mkono unapoandika, hautuambii mtoto atapata alama ngapi.

Upande wa notsi zenyewe kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2014, wa Mueller na Oppenheimer, ambao pengine umewahi kuusikia. Walioandika kwa mkono walijibu vizuri zaidi maswali ya kuelewa kuliko waliochapa, kwa kuwa waliochapa walikuwa wakinakili neno kwa neno. Habari hiyo ilizunguka dunia. Iliyozunguka kidogo ni ya mwaka 2019, pale watafiti wengine waliporudia jaribio lile na kuongeza kundi lililoandika kwa kalamu juu ya vibao vya kielektroniki. Tofauti kati ya makundi zilikuwa ndogo na hazikutulia mahali pamoja. Nawaambia hili kwa sababu muuzaji wa kalamu atakusomea ule wa kwanza tu.

Mimi nilichokiona ni kwamba dada hakukosea kutamani kalamu badala ya kishikwambi cha kuchapia. Mtoto anayejifunza bado anahitaji mkono utembee, na kalamu ya kidijitali, iwe ya kioo au ya nukta, inauacha mkono utembee. Van der Meer amewahi kueleza kwamba watoto waliofundishwa kusoma na kuandika kwenye kishikwambi wanaweza kupata shida kutofautisha herufi zinazotazamana kama kwenye kioo, b na d. Majirani zao Sweden, waliokuwa mbele kwa vifaa vya kidijitali madarasani, mwaka 2023 waliamua kutenga mamilioni ya krona kurudisha vitabu vya karatasi. Sisi huku vishikwambi vya sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya sensa hiyo. Si vibaya kumwuliza aliyetangulia njia ameona nini.

Swali la mwenyeji wangu

Jumamosi niliingia dukani. Kishikwambi pamoja na kalamu yake kilizidi mshahara wangu wa mwezi, na kalamu ya nukta hawakuwa nayo, iagizwe. Nilisimama mbele ya kabati la kioo nikipiga hesabu nyingine, zisizo za fedha. Shule ya mwanangu hairuhusu simu, kishikwambi watakiitaje? Darasani wako zaidi ya themanini, kitadumu siku ngapi? Umeme ukikatika jioni atachaji na nini? Daftari la nukta likiisha, tunalipata wapi Morogoro? Nilitoka mikono mitupu na nikaogopa kumpigia dada.

Mama niliyepanga kwake chumba alikuwa mwalimu mstaafu wa madarasa ya chini. Jioni ile alikuwa akichemsha viazi na samaki, nikamweleza yote, daftari, fimbo, tumbo la Jumatatu, kalamu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, polepole kwa Kiingereza chake:

"Mkimsomea imla, anaandika haraka kuliko anaponakili ubaoni?"

Sikujua.

"Anakaa wapi darasani?"

Nyuma, kwa sababu ni mrefu.

"Macho yake mmepima?"

Wasomaji wa ukurasa huu mnanijua. Nimeandika kuhusu trakoma. Nimeandika kuhusu mtoto wa jicho, tena zaidi ya mara moja. Nimewahi kuwahimiza hapahapa mpime macho ya watoto kabla ya muhula kuanza. Na mtoto ninayemwita mwanangu, ambaye kurasa zake nilizihesabu mwenyewe, sikuwahi kumuuliza kama ubao anauona. Nilikula viazi vile nimeinamisha kichwa.

Alinifafanulia sababu ya swali la imla. Mtoto anayeandika vizuri akisomewa lakini anakwama ubaoni, anza na macho. Anayekwama kotekote, huku mdomoni mambo yote anayo, chunguza mkono wake na usomaji wake. Na asiyesikia vizuri naye ana dalili zake. Si kipimo cha hospitali, akasisitiza, ni mahali pa kuanzia tu. Kalamu inaweza kuja baadaye, ukishajua inakwenda kuziba pengo gani.

Mezani Morogoro

Nilirudi Desemba, shule zimefungwa. Niliwaletea soksi za sufi ambazo Morogoro hazina kazi. Mtoto alinipokea kituoni, "Shikamoo Mamdogo," akabeba begi, na njia nzima macho yake yalikuwa kwenye zipu. Alijua kuhusu kalamu.

Jioni tulikaa mezani. Nilichukua kitabu chake cha Kiswahili nikamsomea imla, taratibu, aya moja. Aliandika mistari tisa bila kunyanyua kichwa. Dada alikuwa amesimama mlangoni na upawa mkononi. Kisha nikaandika aya nyingine kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya kalenda, nikaibandika ukutani upande wa pili wa sebule. Akakunja uso. Akafinya macho. Akainuka, akasogea, akarudi kukaa, akaandika neno, akainuka tena. Mistari miwili.

"Siku zote unafanya hivyo?" dada akamuuliza.

"Darasani ukiinuka unachapwa," akajibu.

Kliniki ya macho walituambia haoni mbali, na si kidogo. Miwani ilichukua wiki. Siku tuliyoichukua alisimama nje ya mlango akitazama milima ya Uluguru, akasema, "Mamdogo, kumbe vile vinavyong'aa kule juu ni mabati ya nyumba." Dada aligeuka akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Ningependa hadithi iishie hapo, lakini ile imla ilikuwa na jambo lingine. Mahali palipotakiwa kuandikwa "dada" aliandika "baba", mara mbili, na hakuona kosa hata nilipomwonyesha kwa kidole, miwani ikiwa usoni. Katika Kiswahili kugeuza herufi hizo mbili kunabadilisha mtu mzima. Kwa miaka 11 hilo si la kuachia likue lenyewe. Amepangiwa kuonana na mtaalamu wa elimu maalumu, na huenda siku moja tukaitafuta ile kalamu ya nukta, tukijua sasa tunamnunulia nani na kwa nini.

Kwa sasa tuna simu ya dada. Jioni mtoto anamsimulia mama yake alichofundishwa siku hiyo, dada anarekodi, kisha anamchezea kipande kipande naye anaandika kwa mkono wake. Sauti yake mwenyewe ndiyo imla yake. Shuleni dada alikwenda na miwani mkononi pamoja na cheti cha kliniki, akamkuta mwalimu ambaye, tuseme ukweli, ana watoto themanini na jozi moja ya macho. Alimhamishia mbele, pembeni, asiwazibe wenzake. Fimbo ya notsi imekwisha, na tumbo la Jumatatu limekwisha nalo.

Nilimweleza pia mtoto habari za kijana wa Dragvoll na wali wa nazi. Aliirudisharudisha hadithi hiyo mpaka nikachoka. Alitaka kujua sufuria lilitokaje sauti.

Jumamosi iliyopita dada alinitumia picha ya daftari la Sayansi. Mistari 11. Chini, kwa wino mwekundu, mwalimu ameandika "Malizia nyumbani." Pembeni ya mstari wa saba kuna alama niliyodhani ni doa la wino, nikaivuta picha ikawa kubwa. Ilikuwa nyota. Nikapiga simu kuuliza.

"Hapo sikuelewa, Mamdogo," akasema. "Nitamuuliza mwalimu Jumatatu."